Programu haisogezi ukuta: dhana potofu kuhusu kupima sauti ya sinema ya nyumbani

"Fundi, wewe iweke tu hapo pembeni ya kabati, mashine si itajirekebisha yenyewe?"

Anayefunga sinema za nyumbani ameshaisikia sentensi hii hadi ameikariri. Sabufa (spika ya besi) itakaa pale ilipobaki nafasi, kochi litabaki limegandana na ukuta wa nyuma, spika ya katikati itasukumwa ndani ya kabati la TV, kisha maikrofoni itachomekwa na miujiza itatendeka. "Mashine" yenyewe huwa ni programu ya kupima sauti iliyomo kwenye risiva, yaani ampli kuu inayoendesha spika zote: Audyssey kwenye risiva za Denon na Marantz, YPAO ya Yamaha, MCACC ya Pioneer, au Dirac Live. Kazi yao ni moja. Spika hupiga sauti za majaribio moja baada ya nyingine, programu inalinganisha kilichotoka na kilichoifikia maikrofoni, halafu inatengeneza vichujio vya kufidia tofauti. Ni kazi nzuri na sipingani nayo. Ninachopinga ni imani kwamba programu inaweza kufanya kazi ya kuhamisha vitu.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua sebule ya nyumba ya tofali: urefu mita 5, upana mita 4, dari mita 2.8. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Kwa joto la Dar au Mombasa inakaribia 350, tofauti ambayo haibadilishi chochote hapa. Gawa 343 kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili, unapata hezi 34, yaani mitetemo 34 kwa sekunde. Fanya hivyo kwa upana, unapata 43. Kwa dari, 61. Hayo ni masafa ambayo chumba chenyewe huyaimba, upende usipende. Wimbi la hezi 34 lina urefu wa mita 10, kwa hiyo linagonga ukuta, linarudi na kukutana na jingine linalokuja. Karibu na kuta mawimbi hayo hujumlishana na besi ikavuma. Katikati ya chumba hupingana na besi ikatoweka.

Kuta zetu ndizo zinazozidisha ugomvi huu. Tofali na zege huirudisha besi karibu yote ndani. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za mbao na jipsamu ambazo hutikisika na kumeza sehemu ya besi, ndiyo maana ushauri wa video za huko ukiuhamishia Sinza au Umoja unafaa nusu tu.

Sasa shika tofauti moja: kuna nundu na kuna shimo. Nundu ni masafa yaliyozidi. Programu huyapunguza, na kwa kuwa mvumo wa chumba hufuata nguvu uliyoupa, ukiyapunguza hata ule mkia wa "vuuuu" unapungua. Hapo programu inang'aa. Shimo ni kitu kingine kabisa. Pale sauti iliyotoka kwenye sabufa na ile iliyorudi kutoka ukutani zinafutana. Ukiongeza ya kwanza kwa desibeli 6, ya pili nayo inaongezeka kwa desibeli 6, zinaendelea kufutana na shimo linabaki palepale. Kilichobadilika ni mzigo. Desibeli 3 ni nguvu mara mbili, 6 ni mara nne, 9 ni karibu mara nane. Ukiongeza desibeli 9, ampli iliyokuwa inatoa wati 40 sasa inadaiwa wati 320, na sabufa ya inchi 10 inaanza kugonga kama mtu anayebisha mlango, yote kwa ajili ya noti ambayo wewe kwenye kochi huisikii, lakini jirani wa ukuta wa pili anaisikia vizuri sana. Watengenezaji wanalijua hili. Audyssey haiongezi zaidi ya desibeli 9 ila inakubali kupunguza hadi 20. Huo uwiano wenyewe ungetosha kuwaambia wateja kitu.

Kuna atakayenitajia Dirac Live ART. Sawa. Hiyo ilianza kutolewa kwenye vifaa vya StormAudio mwaka 2023, na hutumia spika nyingine za chumbani kuupinga mvumo. Lakini nayo inahitaji spika zinazoshuka chini vya kutosha na zilizowekwa mahali penye maana. Sabufa moja nyuma ya kabati haiwezi kujisaidia yenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa maikrofoni:

Anza na kochi. Lisibanwe na ukuta wa nyuma, kwa sababu nundu zote za urefu hukutana hapo, wala lisiwe katikati kabisa ya chumba. Kwa chumba cha mita 5, kichwa cha msikilizaji kikae mita 1.6 hadi 1.9 kutoka ukuta wa nyuma. Kama nafasi hairuhusu, livute hata sentimita 50. Si haba.

Halafu itafutie sabufa mahali. Ipandishe juu ya kochi, pale unapokaa. Piga muziki wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha tembea kwa magoti kandokando ya kuta, masikio yakiwa chini usawa ambao sabufa itakaa. Utapita sehemu noti moja inanguruma na nyingine hazipo, kisha utafika sehemu zote zinasikika kwa usawa. Weka alama ya tepu sakafuni. Sabufa inakaa hapo. Watoto watakucheka, lakini njia ya sauti kutoka A hadi B ni ileile ya kutoka B hadi A, ndiyo sababu mbinu hii inafanya kazi.

Mwenye kompyuta mpakato atumie REW, programu ya bure ya kupima sauti, pamoja na maikrofoni ya USB kama UMIK-1 iliyopakiwa faili lake la usahihishaji. Kila maikrofoni ina lake, kwa namba yake. Pima kutoka hezi 20 hadi 200 bila kulainisha mstari wa grafu inayotokea. Sogeza sabufa sentimita 30, pima tena, uhifadhi kila mstari kwa jina. Ukimaliza, chagua mstari usio na shimo refu, hata kama una nundu mbili mbaya. Nundu zitakatwa.

Na kama unafikiria kuuza risiva yako ili ununue yenye programu ghali zaidi, nunua sabufa ya pili kwanza. Mbili za wastani, moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, zikicheza pamoja, zinaua ule mvumo wa hezi 34 kwa sababu zinausukuma kutoka ncha zinazopingana; na kwa kuwa zote ziko katikati ya upana, hazina uwezo wa kuuamsha ule wa 43. Hakuna kichujio kinachofanya hivyo.

Sabufa yenyewe itayarishwe kabla ya kupimwa. Nobu ya sauti katikati, kichujio chake cha masafa kifunguliwe hadi mwisho au kiwekwe LFE (njia maalumu ya besi ya filamu), fezi (swichi ya kuoanisha sabufa na spika) sifuri, na ule mtindo wa kujizima wenyewe uzimwe, maana ikilala katikati ya vipimo programu itaihesabu kuwa haipo. Baada ya kupima, angalia kiwango ambacho risiva imeipa. Ukikuta −12, ujue imegota mwisho wa uwezo wake wa kupunguza: teremsha nobu, pima upya.

"Maikrofoni, popote tu karibu na kochi." Hapana. Kosa hili ni la pili kwa kunichosha. Mtu anaiegemeza maikrofoni juu ya mgongo wa kochi la ngozi, sentimita 5 kutoka kwenye ngozi. Sauti inafika, inapita, inagonga ngozi na kurudi ikiwa imezidisha safari kwa sentimita 10. Wimbi ambalo nusu yake ina urefu huo ni la karibu hezi 1,700, kwa hiyo hapo linatokea shimo la bandia, katikati ya maneno ya binadamu. Programu inaliona, inaongeza hezi 1,700, na kuanzia usiku huo kila mtangazaji wa taarifa ya habari anaongea kama amebanwa pua. Mteja analaumu spika.

Tumia stendi ya miguu mitatu. Maikrofoni ya risiva itazame dari, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, na kama mgongo wa kochi ni mrefu, isogeze mbele au uutupie blanketi zito. Usiishike mkononi. Nafasi ya kwanza iwe hasa ya kichwa cha msikilizaji mkuu, kwa sababu umbali na viwango vya spika zote huchukuliwa hapo. Zilizobaki zizunguke nafasi hiyo ndani ya sentimita 60: kulia, kushoto, mbele kidogo. Audyssey XT32, toleo la juu la Audyssey, inakubali nafasi 8, zitumie zote, lakini usiende kupima kwenye meza ya chakula eti na wale wa kule wapate. Ukizitawanya, wa meza ya chakula hawatapata na wa kochi watakosa. Na usibadilishe maikrofoni ya risiva na ya modeli nyingine wala ya simu. Programu imetengenezwa kwa tabia za ile iliyokuja kwenye boksi.

Haya mengine nayapitia haraka.

Umbali wa sabufa. Risiva inasema mita 5.8, futi ya fundi inasema 3.2, mtu anaingia kwenye menyu "kusahihisha". Usiguse. Risiva haikupima kwa futi, imepima muda. Vifaa vya elektroniki ndani ya sabufa vinachelewesha sauti, na hizo mita 2.6 za ziada ni kama milisekunde 7.6 za ucheleweshaji huo. Ukizifuta, besi haitafika pamoja na spika.

"Spika ndefu lazima ziwe Large," yaani zipige besi zenyewe. Risiva zenyewe huchangia kosa hili kwa kuziandika hivyo baada ya vipimo. Ziweke Small, krosova (mpaka ambao chini yake besi huachiwa sabufa) hezi 80, besi iende kwenye sabufa uliyohangaika kuitafutia mahali. Kupandisha krosova kutoka pale programu ilipoiweka ni salama. Kuishusha si salama, kwa sababu chini ya hapo spika haikurekebishwa. Kile kichujio cha LFE kiache 120. Si krosova, watu huvichanganya kila siku.

"Mstari ulionyooka ndio sauti sahihi." Kwenye karatasi, labda. Spika nzuri ikiwekwa chumbani, mstari wake huteremka taratibu kuelekea masafa ya juu, na masikio yamezoea hivyo. Ukiulazimisha kunyooka hadi hezi 20,000 unapata sauti nyembamba inayochoma. Kama risiva yako inakubali MultEQ Editor, aplikesheni ya simu ya Audyssey, zuia marekebisho yasipite hezi 300 hadi 500, uinue besi desibeli 4 hivi chini ya hezi 80. Juu ya hizo hezi 500, spika iliyoundwa vizuri inajua kazi yake kuliko programu.

Mwangwi. Piga kofi moja sebuleni. Ukisikia "trrrr" kati ya vigae na dirisha la kioo, hakuna programu itakayokuondolea hilo. Zulia nene kati ya kochi na spika, mapazia mazito ya mikunjo mingi, rafu ya vitabu ukuta wa pembeni. Basi.

Kelele. Feni ya dari izimwe, AC izimwe, friji ichomolewe kwa hizo dakika 15 (uikumbuke baadaye). Mvua juu ya mabati ikianza, acha, rudi kesho. Upepo wa feni ukipiga kwenye maikrofoni, programu huuona kama besi. Saa tano usiku ni muda mzuri kuliko saa kumi jioni, ila waambie majirani, maana zile sauti za majaribio zinapiga kwa desibeli 75 na hazifanani na muziki wowote.

"Tangu umepima, spika za nyuma zinapiga kelele." Hili si kosa la vipimo. Ni Dynamic EQ, kipengele cha Audyssey ambacho huinua besi na spika za nyuma kila unapopunguza sauti, kikichukulia unatazama filamu iliyochanganywa kwa kiwango cha sinema. Taarifa ya habari na muziki hurekodiwa kwa sauti kubwa zaidi ya hapo. Ingia kwenye Reference Level Offset, weka 10 kwa TV na 15 kwa muziki, na ukitazama filamu irudishe sifuri.