Kwa nini kisima cha kisiwani hutoa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ilhali bahari imekizunguka?

Kijiji cha wavuvi kinachofikiwa kwa chombo tu hakina bomba kutoka bara. Hata hivyo, katikati ya kisiwa kidogo cha mchanga au matumbawe, mita chache tu chini, mara nyingi hupatikana maji ya kunywa.

Wengi husema mchanga huchuja chumvi ya bahari. Si kweli. Mchanga hunasa tope na takataka zinazoelea majini. Chumvi imeyeyuka, na chembe zake ni ndogo mno kuliko nafasi kati ya punje na punje. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ipitishe mchangani utakavyo, chumvi itatoka nayo. Mchanga ungekuwa na uwezo huo, kusingekuwa na haja ya mitambo inayosukuma maji ya bahari kwa shinikizo kubwa kwenye utando maalumu.

Maji ya kisima hicho ni mvua. Hupenya ardhini, hukuta maji ya bahari yamejaa kwenye matundu ya mwamba, na huelea juu yake, kwani maji ya bahari ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5. Ni kama jahazi: likipakiwa huzama zaidi, likipakuliwa huinuka. Wahandisi wawili, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg, aliyechunguza visima vya kisiwa cha Norderney, Ujerumani, walikokotoa kila mmoja kivyake kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Mita arubaini! Lakini hiyo ni hesabu ya hali tulivu. Kwa kweli mpaka ni ukanda wa maji ya chumvichumvi, na penye mapango mengi tabaka la maji baridi huwa jembamba zaidi.

Uwiano huohuo ndio hatari. Pampu ikishusha maji kwa sentimita 10, chumvi iliyo chini yaweza kupanda hadi mita 4. Ndiyo maana kisima kikianza kukolea chumvi, kukichimba zaidi ni kukiharibu kabisa. Afadhali visima vifupi kadhaa, kila kimoja kikitekwa kidogokidogo. Tsunami ya Desemba 2004 ilipofunika visiwa vya Maldivi, chumvi iliingia visimani kutoka juu, na mvua ndiyo iliyobaki kuisukuma nje polepole.