Paka afungiwe ndani au aachwe atoke?

Nimepanga vyumba viwili Temeke, ua tunautumia wapangaji wote. Nimfungie paka wangu?

Mchana si lazima. Usiku mfungie. Madume hupigana usiku, na kuumana ndiko kunakoeneza UKIMWI wa paka (binadamu haumpati). Usiku huohuo dereva wa bodaboda hamwoni. Halafu kuna sumu ya panya: panya aliyeila hulegea, paka humkamata bila jasho, na sumu inamwingia naye. Nyingi ya sumu hizo huzuia damu kuganda, kwa hiyo paka anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani siku kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayemkumbuka yule panya.

Dume akihasiwa hupunguza kuzurura. Jike naye afungwe kizazi, maana mimba yake ni miezi miwili tu na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha.

Kichaa cha mbwa kinampata paka kweli?

Kinampata. Jina ndilo linalotupoteza. Paka anayetoka hukutana na mbwa wa mtaani, na aking'atwa huwezi kujua, manyoya yanaficha jeraha. Mpe chanjo akifikisha wiki 12, irudiwe baada ya mwaka, kisha ufuate ratiba ya daktari wa mifugo. Hata paka asiyetoka kabisa achanjwe, mlango hauachi kufunguliwa.

Akikuuma au kukuparura hadi damu itoke, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake pilipili wala mafuta ya taa. Paka huwekwa chini ya uangalizi siku 10, ila wewe usikae nyumbani kuzihesabu: dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mke wangu ni mjamzito. Mama anataka paka atolewe nyumbani.

Mama ana sababu, ila dawa yake ni kali mno. Anachokiogopa ni toksoplasma, kimelea ambacho paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, kisha hukitoa kwenye kinyesi, kwa kawaida kwa wiki chache tu. Kinyesi kibichi bado hakiambukizi, huhitaji siku moja hadi tano. Kwa hiyo beseni la mchanga lisafishwe kila siku, na kazi hiyo uifanye wewe, si mkeo. Paka wa ndani anayekula chakula kilichopikwa hana pa kukipata kirahisi. Ninachokihofia zaidi ni lile tuta la mchicha nyuma ya nyumba ambako paka wa mtaa mzima hujisaidia, kwani kwenye udongo kimelea hicho huweza kuishi zaidi ya mwaka. Mkeo avae glavu akilima, mboga zioshwe vizuri, na nyama iive.

Basi wa ndani yuko salama?

Hunenepa asipochezeshwa. Na kamwe usimpe panadol, kidonge kimoja chaweza kumuua.

Usiku analia mlangoni, majirani wanalalamika.

Usimpe mlo mkubwa mchana. Mpe magharibi, ndani, mlango ukiwa umeshafungwa. Mchezeshe kwanza kwa kamba dakika kumi, ndipo umwekee chakula: paka akishawinda na kula, hulala. Siku za mwanzo atalia tu, na ukimfungulia mara moja umemfundisha kwamba kelele hufungua mlango.