CV ya mhandisi aliyemaliza chuo juzi: ianzie kwenye logbuku

CV nyingi za wahitimu wa uhandisi ninazopokea hapa Arusha, ukifuta jina, huwezi kumtenga aliyesoma Chuo cha Ufundi Arusha na aliyetoka Dar au Mbeya. Juu kuna aya ya "lengo langu" inayosema mwombaji ni mchapakazi na anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Katikati kuna shule zote tangu ya msingi. Chini kuna kusoma, kusafiri na kubadilishana mawazo. Fildi, ambayo ndiyo kazi pekee ya uhandisi aliyowahi kuifanya, imepewa mstari mmoja: "Nilifanya mafunzo kwa vitendo katika mamlaka ya maji." Anayeajiri hapati pa kushika.

Ushauri wangu ni kuianza CV kwenye logbuku. Ile logbuku uliyokuwa ukiijaza kila siku na msimamizi akaisaini kila wiki ina vipimo, tarehe, majina ya mashine na michoro. Itoe kabatini, kaa nayo jioni moja, na kwa kila wiki jiulize: nilishika nini kwa mikono yangu, kilikuwa na ukubwa gani, kilipimwaje, na matokeo yalikuwa nini? Kati ya wiki zote za fildi utapata mistari sita au saba ya maana, na hiyo inatosha kabisa. CV yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, maana ndiyo desturi ya ofisi zetu. Mistari hii, hata hivyo, ipange kwanza kwa Kiswahili. Jambo ukiwa umelielewa, Kiingereza chake huwa kifupi.

Tuanze na mhandisi ujenzi. "Nilishiriki katika ujenzi wa jengo la ghorofa mbili" haituambii kitu, kwa sababu hata mlinzi wa saiti alishiriki. Linganisha na huu: "Chini ya mhandisi wa saiti, nilifuatilia umwagaji wa zege daraja la 25 kwenye besi 14 za nguzo (m 1.5 × 1.5 × 0.4, jumla ya mita za ujazo 12.6), nilipima slampu na kuchukua kyubu 6 za mm 150 kila siku ya kumwaga, 3 za siku ya 7 na 3 za siku ya 28." Msaili akisoma hapo tayari ana maswali ya kukuuliza, na ni maswali unayoyajua. Kwa nini kyubu zipimwe nguvu siku ya 7 na ya 28? Kwa sababu zege la saruji ya kawaida, kwa makadirio, hufikisha theluthi mbili ya nguvu yake kwenye siku ya 7, kwa hiyo tatizo unaligundua kabla hujapandisha nguzo. Slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi, ilipotoka kubwa mlifanya nini? Ukijibu kwamba fundi alikuwa akiongeza maji ili zege limwagike kirahisi, na ukaeleza jinsi maji yanavyozidi uwiano wake na saruji hadi nguvu kushuka, usaili umeshakaa upande wako.

Angalia pia kitenzi. Nimeandika "nilifuatilia" na "nilipima", sikuandika "nilisimamia". Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hasimamii ujenzi wa jengo, na kila aliyeko upande wa pili wa meza alishawahi kuwa mwanafunzi wa fildi. Ulichofanya mwenyewe kiandike kuwa ulifanya, ulichosaidia kiandike kuwa ulisaidia, na ulichokitazama tu kiache nje. Mstari mmoja uliotiwa chumvi ukigundulika, mingine yote inaanza kutiliwa shaka, hata ile ya kweli.

Kwa mhandisi mitambo, tuseme fildi ilikuwa kiwanda cha sukari kama TPC pale Arusha Chini. Usiandike "matengenezo ya mashine mbalimbali". Andika: "Kiwanda kiliposimama kwa matengenezo, nikiwa na mafundi wawili tulifungua pampu 4 za maji, tukabadilisha beringi 6308 na sili, kisha tukafanya alaimenti ya pampu na mota kwa daili geji hadi tofauti ikabaki chini ya mm 0.05." Ukiweka namba ya beringi, jiandae kuulizwa inaingia kwenye shafti ya unene gani. Ni mm 40, maana tarakimu mbili za mwisho huzidishwa kwa tano. Asiyeshika beringi hiyo hajui, na ndiyo sababu swali linaulizwa.

Wa umeme naye: "Nilipima mzigo wa kila fezi kwenye transfoma 9 za kVA 100, 11/0.4 kV. Moja ilikuwa na ampea 150 fezi moja na 60 nyingine. Nilisaidia kuandaa orodha ya wateja wa kuhamishiwa fezi yenye nafasi." Transfoma ya kVA 100 kwa volti 400 inabeba takriban ampea 144 kila fezi, kwa hiyo 150 imezidi na sababu ya kuhamisha wateja inaonekana yenyewe. Lakini ukiandika ampea 210 halafu ukasema hali ilikuwa ya kawaida, umejifunga kwa kamba yako mwenyewe. Kila namba unayoiweka ipige hesabu kwanza.

Mradi wa mwaka wa mwisho nao huwa unaharibiwa na kichwa chake. Kichwa cha maneno ishirini na tano kinakula mistari miwili na hakisemi kama kitu kilifanya kazi. Kifupishe, kisha eleza tatizo, ulichotengeneza, ulivyokipima na kilipofikia. Chukua mfano ambao watu wa chini ya Mlima Meru hawahitaji kuelezwa: floridi kwenye maji, ile inayoharibu meno na mifupa ikizidi. Mhitimu aliyetengeneza chujio la mkaa wa mifupa aandike hivi: "Maji ya kisima yenye floridi mg 8.4 kwa lita yalitoka na mg 1.2 kwa lita 300 za kwanza. Baada ya hapo yalipita kiwango cha juu cha 1.5, na mkaa ukahitaji kubadilishwa." Wengi wangeificha nusu ya pili. Mimi ndiyo inayonivutia, kwa sababu inaonyesha mwandishi anajua kwamba mkaa hushiba, na kwamba chujio lisilo na ratiba ya kubadilisha mkaa ni hatari kwa familia inayoliamini.

Programu za kompyuta usizipe asilimia wala nyota. "AutoCAD 90%" ni asilimia 90 ya nini? Andika ulichotoa nacho: michoro ya nondo ya jengo fulani kwa AutoCAD, mtandao wa mabomba wenye nodi 40 kwa EPANET. Kama uliisoma darasani tu, sema hivyo au iache.

GPA ya 3.5 kwenda juu iweke, na kuanzia 4.4 iweke mahali inapoonekana haraka. Ikiwa chini ya 3.5, kwa kampuni binafsi si lazima uitangaze kwenye CV. Transkripti itaombwa wakati wake, na ukiulizwa jibu moja kwa moja.

Halafu kuna ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kama umeshasajiliwa kama mhandisi mhitimu, namba ya usajili ikae juu kabisa, karibu na jina. Kama umeomba na unasubiri, andika kwamba umeomba na mwezi uliowasilisha. Mwenye diploma asidhani hili halimhusu, maana mafundi sanifu nao husajiliwa. Ukiwa ndani ya SEAP, mpango wa miaka 3 wa wahitimu kufanya kazi chini ya mhandisi msimamizi ambao ERB iliuanzisha 2003, taja umefika mwaka wa ngapi na nani anakusimamia. Ila usitangulize "Eng." mbele ya jina lako kwa sababu tu umevaa joho. Usajili wa wahandisi unaongozwa na sheria ya 1997, na msaili aliyesajiliwa huliona kosa hilo kabla hajasoma kingine. Leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, itaje pamoja na daraja lake. Leseni ya udereva pia iweke. Mkandarasi mwenye saiti Longido na nyingine Same anaitafuta.

CV moja haitoshi kwa kila mlango, ingawa huhitaji kuandika upya kila mara. Weka faili moja refu lenye kila kitu, kisha kwa kila ombi chagua na upange. Ukiomba CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, mradi wa mashine ya kilimo au mtambo wa biogesi upande juu. Ukiomba TEMDO, shirika la usanifu na utengenezaji wa mitambo, tanguliza usanifu na utengenezaji: michoro, uchomeleaji, kazi ya lathe. Kwa mkandarasi wa barabara, tanguliza upimaji wa udongo na zege. Lengo ni mistari mitano ya kwanza ifanane na kazi iliyotangazwa. Kurasa mbili zatosha. Shule ya msingi, dini, kabila na hali ya ndoa viondoe. Namba ya NIDA iache kwenye mifumo inayoihitaji; CV inasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kuliko unavyofikiri.

Serikalini ni habari nyingine. Kwenye Ajira Portal unajaza taarifa zako vipengele kwa vipengele, na kinachowaangusha wengi ni vyeti. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba karatasi za matokeo za muda hazipokelewi badala ya vyeti kamili vya kidato cha nne na cha sita. Barua ya maombi isainiwe, na wadhamini wawe watatu. Kagua majina herufi kwa herufi: cheti cha NECTA, cheti cha chuo, cheti cha kuzaliwa na NIDA. "Elisante" huku na "Elisanti" kule ni jambo la kumpelekea wakili mapema, si usiku wa kufunga maombi.

Wadhamini: angalau mmoja awe msimamizi wa fildi aliyekuona kazini. Mwombe ruhusa kwanza, mtumie CV, mkumbushe mlifanya nini na mwaka gani. Mchungaji na mjomba waache, hata kama mjomba ni diwani.

Kuhusu sura, epuka zile templeti za rangi zenye safu mbili, picha na vipau vya ujuzi. Kampuni kubwa, migodi hasa, hupokea maombi kwa mifumo inayosoma maandishi, na safu mbili mara nyingi huchanganywa: tarehe za fildi zinaangukia kwenye jina la shule. Kipimo ni rahisi. Fungua PDF yako, nakili maandishi yote, yabandike kwenye Notepad. Yakisomeka kwa mpangilio, uko salama. Kama hakuna kilichonakiliwa, basi aliyekutengenezea alikupa picha. Hili hutokea sana kwa CV za steshenari, ambako pia utakuta mabaki ya mteja aliyetangulia: mdhamini usiyemjua, au "uzoefu wa uhasibu" ndani ya CV ya mhandisi umeme. Andika mwenyewe, steshenari uende kuchapa tu.

Faili lipe jina lako na nafasi unayoomba, si "CV mpya final 3". Kwenye kichwa cha barua pepe weka jina la nafasi na namba ya kumbukumbu ya tangazo, na ndani andika mistari mitatu au minne. Barua pepe tupu yenye kiambatisho huachwa bila kufunguliwa. Laini ya simu iwe hewani. Ule muziki unaompigia anayekupigia uondoe kwa kipindi hiki.

Kampuni nyingi ndogo za ushauri na ukandarasi, za Njiro na za Moshi mjini, hazitangazi nafasi zao popote. Huko peleka nakala iliyochapishwa, uende asubuhi mapema kabla mhandisi hajaondoka kwenda saiti, na logbuku uwe nayo kwenye begi.