Jina, elekezo na namba: maana ya kubadili lebo za vishikanafasi kwa msimbo

Kishikanafasi ni kile kisanduku kitupu kwenye slaidi ya PowerPoint kinachongoja kichwa, maandishi au picha. Slaidi hukirithi kutoka kwenye mpangilio wake (layout), na mpangilio nao hurithi kutoka kwa slaidi kuu (slide master). Mtu akisema "nibadilishie lebo ya kishikanafasi", mara nyingi ana kitu kimoja akilini, ilhali ndani ya faili mna vitatu: jina, elekezo na namba.

Faili ya .pptx ni zipu tu. Toa nakala, badili mwisho wake uwe .zip, ufungue folda ya ppt/slideLayouts. Humo kila kishikanafasi kina vipande kama hivi:

<p:cNvPr id="4" name="Text Placeholder 3"/>
<p:ph type="body" idx="13"/>

Hiyo `name` ndiyo jina, nalo huonekana ukibonyeza Alt+F10 ndani ya PowerPoint. Maandishi yaliyo ndani ya kisanduku kwenye mpangilio ndiyo elekezo, yaani yale anayoyaona mwandishi wa slaidi kabla hajaandika chochote. Hayatokei wakati wa kuonyesha. Na `idx` ni namba inayofunga kisanduku cha slaidi na kile cha mpangilio. Jina na elekezo vibadilishe upendavyo, lakini `idx` iache. Ukiigusa, slaidi za zamani hupoteza uzi unaozifunga na mpangilio, na visanduku vyake haviwezi tena kurithi mahali wala ukubwa.

Chukua ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, inayotoa ripoti ya kontena kila wiki. Kiolezo chake (template) kina "Text Placeholder 3", "Text Placeholder 4" na kadhalika, na karani hajui namba ya kontena yaingia wapi. Kwa Python na maktaba ya python-pptx, kazi ni hii:

from pptx import Presentation

p = Presentation("kiolezo.pptx")
lebo = {13: ("Mteja", "Jina la mteja"),
        14: ("Kontena", "Herufi 4, tarakimu 7")}

for kuu in p.slide_masters:
    for m in kuu.slide_layouts:
        if m.name != "Ripoti ya Kontena":
            continue
        for k in m.placeholders:
            n = k.placeholder_format.idx
            if n in lebo:
                k.name, k.text_frame.text = lebo[n]
                k._element.xpath(".//p:ph")[0].set("hasCustomPrompt", "1")

p.save("kiolezo-kipya.pptx")

Kabla ya kuandika hizo 13 na 14, chapisha kwanza `idx` na jina la kila kisanduku cha mpangilio wako. Namba hizo hazifuati mfuatano unaouona kwa macho: cha juu kabisa chaweza kuwa 15 na cha chini 13.

Mstari wa `hasCustomPrompt` ndio unaosahaulika. Bila huo, mpangilio wenyewe utaonyesha maneno yako, lakini slaidi mpya itaendelea na lile elekezo la kawaida la PowerPoint, nawe utabaki ukidhani msimbo haukufanya kazi. Maktaba haina amri yake maalumu ya jambo hili, ndiyo maana tunashika XML, yaani yale maandishi ya ndani ya faili, moja kwa moja.

Tumezunguka `slide_masters` kwa sababu `p.slide_layouts` hutoa mipangilio ya slaidi kuu ya kwanza pekee. Kiolezo kilichopita mikononi mwa watu wengi huwa na slaidi kuu mbili au tatu, kila mmoja alipobandika slaidi zake.

Kuweka `text_frame.text` hufuta yote yaliyokuwamo, pamoja na ile mistari ya mfano ya ngazi tano. Mtindo ulioandikwa kwenye `lstStyle`, sehemu ya mitindo ya kisanduku, hubaki, ila rangi au herufi nene zilizopakwa juu ya maneno yenyewe huondoka.

Panapowapiga wengi chenga ni hapa. Elekezo jipya huonekana hata kwenye slaidi za zamani, mradi kisanduku bado ni kitupu, kwa kuwa linarithiwa. Jina halirithiwi, hunakiliwa slaidi inapozaliwa, basi. Slaidi zilizokuwapo hubaki na majina yao ya awali. PowerPoint yenyewe ikitengeneza slaidi mpya hulichukua jina lako na kulipachika tarakimu, mfano "Kontena 5". Na python-pptx ndiyo kabisa: `add_slide`, amri yake ya kuongeza slaidi, hulipuuza jina la kisanduku lililo kwenye mpangilio na kuunda lake kutokana na aina ya kisanduku. Kwa hiyo msimbo wa kujaza ripoti usitafute "Kontena", uite `slide.placeholders[14]`. Jina ni la macho ya karani, namba ni ya msimbo.

Anayetumia VBA, lugha ya kuandikia makro, ndani ya PowerPoint ana kazi fupi zaidi. Aende kwa `ActivePresentation.SlideMaster.CustomLayouts(2).Shapes.Placeholders(1)`, abadili `.Name`, kisha `.TextFrame.TextRange.Text`. Lakini hapo 2 na 1 ni nafasi katika foleni wala si `idx`, kwa hiyo mtu akisogeza mpangilio mmoja juu, makro itapaka lebo pasipopaswa. Zungusha mipangilio yote, uilinganishe kwa jina lake.

Kiolezo kikiwa .potx, yaani faili ya kiolezo ya PowerPoint, python-pptx hukataa kukifungua. Kihifadhi kwanza kama .pptx, endesha msimbo, kisha ukirudishe .potx kwa PowerPoint.