Merahefet: Roho iliyopapatika juu ya maji

Anayefungua Biblia ya Kiswahili katika Tafsiri ya Muungano ya 1952 anakutana na maneno haya mstari wa pili tu, Mwanzo 1:2: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Yanapendeza masikioni, na mahubiri mengi ya utulivu yamejengwa juu yake. Lakini neno la Kiebrania lililopo pale, merahefet, halina utulivu ndani yake.

Mzizi wake ni konsonanti 3: resh, het na pe. Katika Agano la Kale lote kitenzi hiki kinatokea mara 3 tu, na neno adimu kiasi hicho halieleweki kwa kamusi peke yake. Ni lazima kufungua kila mahali lilipo. Katika Yeremia 23:9 kiko katika umbo la msingi: mifupa ya nabii inatetemeka, naye yuko kama mlevi. Katika Kumbukumbu la Torati 32:11, ndani ya Wimbo wa Musa, kiko katika umbo la pieli, mojawapo ya maumbo ya kitenzi cha Kiebrania, kama kilivyo katika Mwanzo, na mtendaji ni tai anayepapatika juu ya makinda yake. Neno tunalolihitaji, basi, limo tayari katika Biblia ileile.

Mwangalie ndege huyo. Yuko hewani juu ya kioto, mbawa zinapiga upesi, haendi mbele wala hatui. Hata tukisema kwamba "ikatulia" imetokana na kutua, bado tumekwisha kumshusha ndege ambaye Kiebrania kimemwacha angani.

Wako wanaopendelea "kuatamia", kama kuku juu ya mayai. Maana hiyo ni ya zamani: Kisiria, lugha ndugu ya Kiebrania, kina kitenzi hicho chenye maana hiyo, na askofu Basili wa Kaisaria aliitaja katika karne ya 4. Ila katika wimbo wa Musa mayai yameshaanguliwa, makinda yapo. Kwa hiyo kupapatika kuna ushahidi wenye nguvu zaidi.

Jambo zito zaidi liko mstari mmoja nyuma. Kumbukumbu 32:10 husema Mungu aliwakuta watu wake katika tohu, jangwa tupu. Tohu ndilo neno la Mwanzo 1:2 linalotafsiriwa "ukiwa". Katika vitabu 5 vya Musa linapatikana mahali 2 tu, na kila mara kitenzi chetu kinafuata jirani yake. Hilo si bahati. Wimbo unausoma uumbaji kama wokovu: penye ukiwa, Mungu yuko juu yake kama mzazi juu ya wanawe, hata kabla ukiwa huo haujapangwa.

Wako pia wanaosoma "upepo mkali" mahali pa "Roho ya Mungu", na hapa ndipo tafsiri hiyo inapokwama. Ruah, neno la Kiebrania lililopo pale, huweza kuwa roho, pumzi au upepo, hilo halina ubishi. Lakini dhoruba haipapatiki juu ya kitu. Hukipiga na kukipita. Katika Mwanzo 8:1, upepo unapopitishwa juu ya nchi baada ya gharika, mwandishi anatumia kitenzi kingine kabisa.

Tahadhari mbili. Merahefet ni umbo la kike kwa sababu ruah kisarufi ni nomino ya kike, kama "roho" inavyochukua i- katika "ikatulia". Jinsia ya Mungu haithibitishwi wala kukanushwa hapo. Pia msilihusishe neno hili na rehem, tumbo la uzazi: mzizi wa lile unaishia kwa konsonanti mem, wa hili kwa pe.

Mwisho, tazameni -ka-. "Ikatulia" inalifanya tukio liwe hatua moja katika mfululizo, lakini merahefet ni kitendo kinachoendelea. Mfululizo wa Kiebrania unaanza mstari wa 3, "Mungu akasema". Katika kufundisha twaweza kusema: "na Roho ya Mungu ilikuwa ikipapatika juu ya uso wa maji." Neno hilo lina dosari moja, kwamba msikilizaji anaweza kumfikiria kuku aliyechinjwa, kwa hiyo Kumbukumbu 32:11 isomwe kwanza, makinda yaonekane, ndipo watu warudi Mwanzo.