Si lazima uumbe dunia nzima ndipo uanze kucheza

Anayetaka kuendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambamo yeye husimulia mazingira na kila mchezaji huamua mhusika wake afanye nini, huambiwa kwanza aujenge ulimwengu wote: mabara, nasaba za wafalme, miungu, hata lugha ya mazimwi. Wengi huishia hapo, daftari limejaa na mezani hakuna mtu.

Historia ya mchezo wenyewe inasema vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Minnesota nchini Marekani, Dave Arneson alianza ulimwengu wake wa kubuni, Blackmoor, kwa ngome, mji wake na mahandaki ya kuchunguza. Gary Gygax naye alianza wake, Greyhawk, kwa mahandaki yaliyo chini ya ngome iliyobomoka. Mwaka 1974 walichapisha mchezo wao, Dungeons & Dragons. Nchi zilizozunguka ngome hizo ziliendelea kukua kadiri wachezaji walivyozidi kwenda mbali.

Kwa kikao cha kwanza yatosha mahali pamoja, watu watatu wanaotaka mambo yanayogongana, na hatari isiyosubiri. Tuseme kuna kijiji ambacho kisima chake kimeanza kutoa maji ya chumvi. Kuhani anadai ni adhabu. Mchimbaji anajua alichokigonga kule chini na amekaa kimya. Binti wa chifu anataka watu wahame kabla ya mvua. Mchezaji akiuliza kuhani anaabudu nini, hapo ndipo mungu anapozaliwa. Mungu asiyeulizwa na mtu anaweza kungoja.

Dhana nyingine, na kwangu hii ndiyo yenye madhara zaidi, ni kwamba mwendeshaji ni mtunzi na wachezaji ni wasikilizaji wake. Ukishaamua kwamba kuhani atafichuliwa katika kikao cha nne, utajikuta ukifunga kila mlango usioelekea huko, na wachezaji watalibaini hilo upesi. Andaa mgogoro, mwisho uwaachie wao. Huenda wakamfunga kuhani siku ya kwanza, au wakashirikiana naye kuuza maji. Wala mwendeshaji si mpinzani wao: mtu anayeweza kushusha majoka kumi wakati wowote hana cha kushindania. Tena iko michezo isiyo na mwendeshaji kabisa, kama Fiasco ya mwaka 2009.

Dhana nyingine inahusu dadu, zinazorushwa kuamua kama kitendo cha mhusika kimefaulu: "Dadu ni bahati tu." Bahati ipo, lakini ina umbo. Katika dadu moja ya pande 20, kila namba ina nafasi ya asilimia 5. Katika dadu mbili za pande 6, jumla ya 7 ina nafasi 6 kati ya 36, ilhali 2 ina nafasi moja tu. Anayehitaji 7 au zaidi hufaulu mara 21 kati ya 36. Mwongezee alama moja ya ustadi, nafasi zinakuwa 26, yaani ongezeko la takriban asilimia 14. Alama hiyohiyo kwenye dadu ya pande 20 huongeza asilimia 5 tu. Kwa hiyo kuchagua dadu ni kuchagua ustadi utakuwa na uzito gani katika ulimwengu wako. Na pale ambapo kushindwa hakubadilishi chochote, usirushe dadu; mwambie mchezaji amefaulu, msonge mbele.

Kuhusu dhana kwamba ulimwengu wa njozi ni lazima uwe na ngome za Ulaya na watu wenye masikio marefu: tayari mwaka 1975 M.A.R. Barker alitoa mchezo wa ulimwengu wake wa Tékumel, uliochota zaidi katika tamaduni za Asia Kusini na Amerika ya kale. Yeye alikuwa mtaalamu wa lugha na kweli alitunga lugha kamili, lakini usimfanye kipimo.

Kuigiza sauti si sharti. "Mhusika wangu anajaribu kumbembeleza mlinzi" inatosha. Hata kununua vitabu si lazima: kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons Januari 2023, na yeyote anaweza kuzipakua bure na kujengea mchezo wake juu yake.