"Jua ni la Mungu": dhana potofu kuhusu fedha za maji ya kijiji

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa mwenyekiti wa kijiji, mbele ya mkutano wa hadhara: "Injinia, zamani tulikuwa tunanunua dizeli. Sasa mmetufungia sola, na jua ni la Mungu. Hiyo shilingi 20 ya ndoo ni ya nini?" Watu wakapiga makofi. Mimi nikaomba maji ya kunywa.

Jua ni la Mungu, sawa. Pampu si ya Mungu. Imetoka dukani na siku moja mtarudi kuinunua huko huko. Paneli zikitunzwa hufika miaka 20 na zaidi, ila pampu na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli ili uendeshe pampu, mara nyingi hazivuki 10. Mchanga unaila pampu, radi inaipata inveta, maji ya kisima yakishuka kiangazi pampu inazunguka kavu mpaka inaungua.

Sola haikuondoa gharama, imeiahirisha tu. Wakati wa dizeli kijiji kililazimika kuchanga: hamna hela, hamna mafuta, kesho hamna maji. Jenereta lilikuwa mdai mkorofi lakini mkweli. Sola inawanyamazia miaka sita, saba, halafu inadai yote kwa siku moja. Siku hiyo ndipo napigiwa simu: mfadhili yuko wapi? Mfadhili alimaliza kazi siku ile mliyokata utepe. Bajeti ya ujenzi haina kifungu cha pampu ya pili, na sijawahi kuona mkataba wenye kifungu hicho.

Nikubali kwamba wazee wana sababu ya kusema hivi. Mpango wa Serikali ya Tanzania wa maji vijijini wa mwaka 1971 uliahidi maji karibu na kila kaya, umbali usiozidi mita 400, ndani ya miaka 20, na maji ya kijijini yalikuwa bure. Ila wanaokumbuka maji ya bure wakumbuke pia mashine zilizolala kwa kukosa mafuta na vipuri. Ndiyo maana Sera ya Maji ya 2002 ikaweka uendeshaji mikononi mwa watumiaji.

Tufanye hesabu niliyowafanyia pale mkutanoni kwa chaki. Tuseme vilula vyote, yaani vituo vya bomba vya kuchotea maji, vinauza ndoo 1,200 kwa siku. Kwa shilingi 20 ni 24,000; kwa mwaka ni 8,760,000. Theluthi mbili ziishie kwa mlinzi, wauzaji, klorini ya kuua vijidudu na koki zinazovunjwa na watoto. Bado zinabaki kama milioni 2.9, na kwa miaka 7 ni zaidi ya milioni 20. Mkiuza bure, miaka 7 mara sifuri mnaijua.

Nisichochoka kuwaambia ni hiki: fungueni akaunti ya pili, ya pampu tu, na kutoa fedha humo kuidhinishwe na mkutano mkuu. Na fungeni dira, yaani mita ya maji, kwenye tanki na dira kwenye kila kilula. Dira ya tanki ikisoma uniti 30 (uniti moja ni lita 1,000) na vilula vikasoma 19, hamna haja ya kuunda tume. Kuna bomba linavuja au kuna mtu anavuja.

Kuna wanaoniambia Serikali ina Mfuko wa Taifa wa Maji, kwa hiyo ilipe yote. Mfuko upo, na tunauchangia shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Kazi yake ni uwekezaji. Haukuwekwa ili umlipe mshahara mlinzi wa pampu yenu.

"Maskini hawezi kulipa." Huyo huyo, kilula kikifa, ananunua dumu kwa mwenye baiskeli kwa bei mara kumi. Kama kuna bibi asiyejiweza kweli, mtajeni mkutanoni achote bure, iandikwe kwenye muhtasari. Msifute bei ya kijiji kizima kwa jina lake, wakati wanaoshangilia ni wenye mifugo, wanaochota mengi kuliko wote.

"Maji yanang'aa, fedha ya kuyapima maabara ni ya nini?" Jamani. Floraidi, madini ya ardhini yanayoyeyuka majini na yakizidi huharibu meno, haina rangi wala harufu. Watu wa Arusha na Singida waangalieni meno ya watoto wao. Kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Sampuli ipelekwe maabara kabla ya kujenga tanki, maana kisima chenye floraidi nyingi kinabadilisha bajeti yote.

La mwisho, "benki inakata makato, bora fedha ikae kwa mweka hazina." Makato ya benki nayajua, yameandikwa. Ya mweka hazina nimeyajua msibani, familia ilipofungua sanduku na kukuta daftari peke yake.